Boksi la Marashi

Muuza marashi alitaka boksi la zawadi lisilo na gundi. Karatasi ikae bapa dukani, mteja akishalipa, muuzaji mwenyewe aikunje papo hapo. Nikamchorea linalofunga juu kama ua: petali nane, kila moja ikiilalia iliyotangulia, ya mwisho ikijificha chini ya ya kwanza. Akilikubali, nina kazi mwaka mzima. Akilikataa, narudi kukaa na kuta, na kuta hazina salamu.

Nikampelekea. Akakunja, likafumuka. Akakunja tena, likafumuka.

"Mama, hili ni boksi au kuku anayekataa kushikwa?"

"Mbona mimi nimelikunja asubuhi?"

"Haya, nionyeshe."

Nikalitaja jina la Mungu, nikakunja petali saba, nikainama, nikazikandamiza katikati kwa kidevu, nikaingiza ya nane. Likafunga, zuri ajabu.

Akacheka mpaka akashika kaunta. "Sasa mama yangu, wateja nitawauzia marashi au kidevu?"

Nikacheka naye, halafu nikalitazama lile boksi. Pale katikati ndipo marehemu mume wangu alipokuwa akiweka kidole. Miaka yote tulikunja wawili, mimi nikivuta, yeye akishika, na kila boksi nililochora nililichorea mikono minne. Alipoondoka nikaweka kidevu, wala sikujua kwamba nimekiweka.

"Nilikuwa na mwenzangu," nikasema.

Akanisogezea kigoda na mkasi. "Humu dukani niko peke yangu, mama. Nichoree la mtu mmoja."

La mtu mmoja. Mwenyezi Mungu hakosei, lakini neno lile lilinikaa vibaya. Nikapunguza petali zikawa nne, ya kwanza nikaichana kidogo pembeni ili iinase ya mwisho. Halikuwa ua tena. Lilikuwa boksi tu, lenye heshima yake.

Alilikunja huku akipiga soga na mteja, hata hakulitazama.

"Hili ndilo! Uwe unaniletea kila wiki."

Nikamshukuru Mungu kwa sauti, maana riziki haichaguliwi sura. Nyumbani nikatandaza karatasi mezani, nikaanza. La kwanza nikalijaribu, likakunjika upesi, kimya kimya, halikumhitaji yeyote.

"Shika hapo," nikasema kwa mazoea, nikachukua karatasi ya pili.