Nani Kasema Amenyamaza?

Nilipoingia chumbani na Othman akaniambia, "Dada karidhia, kesho naondoka naye," mimi nilikuwa nimeshika bakuli la uji, na kama si kumcha Mungu lingeishia juu ya kanzu yake.

Dada yake huyo ni Mwanapili, mke mwenzangu. Yeye ndiye mke mkubwa, mimi ndiye mdogo, na mume wetu Mzee Hamdan, Mungu amrehemu, alituachia nyumba hii ya Tibirinzi tugawane vyumba. Tuligawana na maneno pia, tena makali. Hatukupendana, na sitaki mtu anipambe kwamba tulipendana. Lakini kiharusi kilipompiga, kikamnyang'anya upande wa kulia na ulimi wote, mimi ndiye niliyemuokota uani. Mimi ndiye ninayemlisha, ninayemgeuza, ninayemtia udhu. Wapo waliopita wakisema mke mwenza hana uchungu. Nawajua kwa majina yao na ya mama zao.

Othman anaishi Unguja, ana duka la vitambaa na maneno laini kama hariri anazouza. Alikuwa ameshuka Mkoani na boti ya asubuhi, amefika na boksi la halua, amekaa na dada yake muda wa kunywa kikombe cha chai, na tayari karidhiwa!

"Karidhia vipi?" nikamuuliza. "Kwa ulimi upi?"

"Nimemuuliza, Bi Ummi. Nimemwambia twende kwangu, kuna hospitali kubwa, kuna nafasi, mke wangu atamtazama. Hakukataa. Na kunyamaza ni kuridhia."

"Weye Othman! Hiyo ni ya mwari anayeposwa, akaona haya mbele ya babake. Si ya ntu nzima aliyefungwa ulimi. Jongoo naye hunyamaza akikanyagwa. Karidhia?"

"Hayo si maneno, Bi Ummi. Watu wanasemaje huko mjini? Dada yangu wa tumbo moja analelewa na mke mwenziwe. Ni aibu kwangu."

Aibu kwake! Dada yake alipokuwa akigaragara kwa maumivu aibu ilikuwa wapi? Nilimwambia hivyo hivyo, na mengine nisiyoyaandika.

Na Mwanapili mwenyewe alikuwa pale pale, ameegemezwa mito karibu na dirisha, akisikia yote. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko jingine. Watu wakija kumtazama humzungumza kama kabati: libaki, lihamishwe, litapita mlangoni? Humuuliza swali, kisha hunigeukia mimi nijibu. Na nikijibu, hawaniamini. Nikisema kakonyeza, Othman anasema kapepesa. Nikisema katabasamu, anasema mdomo umekwenda upande kwa maradhi.

"Basi aulizwe tena," nikasema. "Aulizwe sote tukiwa hapa."

"Na atajibu kwa kitu gani?"

Hapo ndipo binti yangu Shamima aliposema kutoka mlangoni, "Mjomba, nipe mpaka baada ya alasiri. Nina kitu nakitengeneza."

Shamima anasomesha kompyuta skuli. Alikuwa amepewa padi ya gemu na mwenye banda moja la Chake, pale vijana wanapocheza mpira wa kwenye televisheni. Walikuwa wanaitupa. Kile kijiti chake cha kusukumia kwa dole gumba kilikuwa kimechakaa, mchezaji akawa anatembea uwanjani peke yake bila kuguswa na mtu. Shamima akaiokota kwa ajili ya mama yake mkubwa. Vitufe Mwanapili hana nguvu ya kuvibonyeza, lakini dole gumba lake la kushoto husukuma. Taratibu, lakini husukuma. Kwa hiyo binti yangu akaandika programu ndogo ya kukisoma kile kijiti: kikisukumwa mbele, kioo cha kompyuta kinaandika NDIYO kwa herufi kubwa, kikivutwa nyuma, HAPANA, kikiachwa katikati, KIMYA.

Baada ya alasiri tukakusanyika chumbani. Shamima akaiweka padi juu ya mto, akalilaza dole gumba la Mwanapili juu ya kijiti, akamweleza mara mbili kwa adabu, kisha akamuuliza, "Mama mkubwa, jina lako ni Mwanapili?"

Kioo kikaandika KIMYA.

Akauliza tena. KIMYA. Akamuuliza kama anataka maji. KIMYA, KIMYA, kama ukuta.

Othman akashusha pumzi, akanyanyuka. "Hata mashine imeona, mwanangu. Dada hayupo tena na sisi. Tumhurumie tu."

"Kaa kitako!" nikamwambia. "Kidole kimekwenda. Nimekiona kwa macho yangu."

"Kinatetemeka, Bi Ummi."

"Hakitetemeki! Kuulizwa ndipo kinakwenda, kuachwa kinarudi. Shamima, nani kaiambia mashine yako kuwa huo ni kimya?"

Shamima akanitazama, akakitazama kidole, akasema polepole, "Mimi, mama."

Akatueleza. Kijiti kikikaa katikati kabisa, kompyuta husoma sifuri. Kikisukumwa mbele mpaka mwisho, husoma moja. Lakini vijiti hivi havitulii, na hiki kibovu ndiyo kabisa, huenda chenyewe kidogo kidogo. Basi akaiamuru programu ihesabu kila msukumo mdogo kuwa si kitu. Ndivyo wafanyavyo wote wanaoandika programu za padi, alisema, ili mashine isidanganyike.

"Yaani nyie mumekaa na elimu zenu mukakubaliana kuwa ntu nnyonge akisema, hajasema?"

"Mama, hatukumfikiria mtu kama yeye."

"Basi ndio mumfikirie!"

Kwa haki, Shamima hakubisha. Akaifungua ile programu, akaiamuru iandike namba yenyewe kama inavyotoka kwenye kijiti, bila kuipunguza wala kuiremba. Akauliza, "Jina lako ni Mwanapili?" Namba ikapanda kidogo, ikakaa, ikarudi. Akauliza, "Wewe ni Bi Ummi?" Namba ikashuka. Akauliza lile la kwanza, ikapanda tena.

Alikuwa akijibu tangu mwanzo. Kila swali alilijibu, na kila mara aliandikiwa kimya mbele ya macho yake mwenyewe, naye hana hata sauti ya kututukana. Nililia, na sikulia kwa huruma, nililia kwa hasira.

Shamima akafuta lile agizo lake, ili hata msukumo mdogo uhesabiwe. Mimi nikauinua mkono wa Mwanapili, maana kiganja kilikuwa kimelowa jasho, nikawa naupangusa kwa ncha ya kanga. Othman hakusubiri. Alikuwa na haraka ya jibu lake. Akainama akasema, "Dada, twende zetu Unguja?"

NDIYO, kikaandika kioo, kwa herufi za kijani.

"Alhamdulillahi!" Othman akapiga kofi moja. "Si mmeona wenyewe? Si mmeona?"

"Nimeona nini?" nikasema. "Nkono wake ninao miye!"

Wote wakageuka. Mkono wa Mwanapili ulikuwa ndani ya kanga yangu. Padi ilikuwa juu ya mto, haina mtu, na kioo kinang'ang'ania NDIYO, NDIYO, kwa ule ubovu wa kijiti wa kujiendea.

"Tazama vizuri, Othman. Hiyo ndiyo ridhaa uliyoipata asubuhi. Ntu hayumo, na ndiyo ishasemwa."

Akakaa kimya. Yeye, huyo, alikuwa amenyamaza kweli, na sijui alikuwa ameridhia nini.

Shamima akasema ameona kosa la pili. Haitoshi kusikiliza misukumo midogo. Lazima kwanza ujue kijiti kinalala wapi kisipoguswa. Akatuomba tusiiguse padi. Akaiacha kompyuta ikisome kile kijiti kikiwa peke yake, ikajifunza kilivyolalia mbele kidogo, na kutoka pale ndipo ianze kupima. Akaacha nafasi ndogo sana ya mtetemeko. Tukaangalia: kioo kikatulia. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akalifuta neno KIMYA, akaweka NASUBIRI. Nikamwombea dua moyoni.

Tukalirudisha dole gumba mahali pake. "Mama mkubwa, jina lako ni Mwanapili?" NDIYO. "Wewe ni mwanamume?" HAPANA, tena mbio.

"Haya, Othman," nikasema. "Uliza sasa."

Akalamba midomo. "Dada. Unataka kwenda kwangu, Unguja?"

Sote tulikitazama kidole. Kilijikunja, kikavuta.

HAPANA.

Nilimgeukia Othman na uso wangu wote, na Mungu anisamehe, nilikuwa nikicheka. "Basi kesho wahi boti yako, mwanangu, bahari isije ikachafuka." Kisha nikakaa kitandani karibu na Mwanapili, nikamuuliza kwa sauti ya mtu anayejua atakachojibiwa, "Utabaki hapa hapa na miye, si ndiyo?"

HAPANA.

"Shamima, imeharibika tena."

Shamima akamwondoa mkono, akaangalia, akasema kijiti kimelala kinapolala siku zote. Akamrudisha. Nikauliza tena, na safari hii sauti yangu haikuwa ile.

HAPANA.

Jamani! Uji wote ule! Usiku wote wa kumgeuza asije akapata vidonda! Nilisimama nikasema yote niliyokuwa nayo: kwamba mchawi mpe mwanao akulelee, lakini mke mwenza usimpe hata mgongo wako akukune, kwamba alivyokuwa mzima hakunipenda, na kupooza hakujamfundisha. Nilisema nitakwenda kulala na nisiamshwe. Shamima akaniita, "Mama," mara moja tu, nikanyamaza. Mwanapili alikuwa akinitazama. Jicho lake halikuwa na ubaya. Lilikuwa likisubiri, kama lile neno la kwenye kioo.

Hapo nikaona. Maswali yalikuwa mawili tu, la Othman na langu. Yeye alikuwa anataka kumchukua, mimi nilikuwa nataka kumweka, na kila mmoja kaja na jibu lake mkononi kulitafutia swali.

"Basi wataka kwenda wapi?" nikasema, na bado nimenuna.

"Hawezi kujibu wapi, mama," akasema Shamima. "Ana ndiyo na hapana tu. Tumtajie."

Nikataja Wete kwa binamu zake: HAPANA. Nikataja hospitali: HAPANA, kwa nguvu. Ndipo Othman, aliyekuwa ameinamia vidole vyake muda wote, akasema kwa sauti ndogo, si ile ya dukani, "Gando?"

Kidole kilikwenda kabla hajalimaliza neno.

NDIYO.

Gando ndiko walikozaliwa. Iko nyumba ya mama yao, anaishi mdogo wao Time na mihogo yake, na nyuma ya nyumba liko kaburi la mama yao. Othman akaushika ule mguu usio na hisia. "Dada," akasema, "mbona hukuniambia?" Kisha akasikia alichokisema, akajifunika uso kwa kofia yake. Sikumcheka. Nilitaka, lakini sikumcheka.

Tukakubaliana kuwa Othman hataondoka na boti kesho. Atatafuta gari ya kutupeleka Gando. Nilisema "kutupeleka," neno likanitoka lenyewe, na Shamima akalidaka.

"Na wewe unakwenda, mama?"

"Time ana mgongo mbovu," nikasema. "Nani atamgeuza? Nani anajua uji wake autakavyo? Lakini mie siendi kwa watu bila kuitwa."

"Basi muulize."

Wallahi sikutaka. Kumuuliza Othman maswali ni rahisi, mimi namwona mjinga. Hili lilikuwa jingine. Niliitengeneza kanga yangu, nikalitengeneza shuka ambalo lilikuwa limekwisha kutengenezwa, nikasema huku nikikitazama kioo na si uso wake, "Mwanapili. Twende sote? Unanitaka?"

NASUBIRI, kikasema kioo. Dole gumba likajikunja.

HAPANA.

Nilikuwa nimedai kwa kelele kuwa aulizwe, ameulizwa, amejibu, basi. Nikainama kuokota bakuli la uji nijiendee zangu jikoni.

"Mama!" Shamima akanishika mkono. "Mtazame."

Nikamtazama. Nusu ya mdomo wake iliyo hai ilikuwa imepanda mpaka shavuni, bega linamtikisika, machozi yanamtoka. Mwanamke yule alikuwa anacheka. Tangu kiharusi kimpige hakuwahi kupata njia ya kunichokoza, na siku aliyoipata hakuiacha ilale.

Kisha akakisukuma kijiti mbele, kwa nguvu ambazo hakuwa nazo, na hakukiachia. NDIYO kikakaa kwenye kioo.

"Nkubwa nzima weye, huna haya!" nikamfokea. "Kesho uji wako ntautia chumvi!"

HAPANA, akajibu.