Mlango M4

Jumanne moja, saa nne na robo asubuhi, mchoraji wa ramani ambaye ofisi nzima ilimwita Milimita alikuwa amepiga magoti mbele ya printa kubwa, akivuta karatasi iliyonasa. Printa ile ilikuwa na tabia zake. Ukiiambia ichape, inalala. Ukiinuka kwenda kunywa chai, inaamka na kuchapa kila inachokikuta kwenye kompyuta.

Kampuni yao ilitengeneza nyumba za vipande. Chumba kizima kiliundwa kiwandani, na kuta zake, na soketi zake za umeme, na ndoano ya kutundikia koti, kisha kikapakiwa kwenye lori, kikanyanyuliwa na winchi na kufungwa bolti kiwanjani siku hiyohiyo. Watu waliziita masanduku. Milimita ndiye aliyezichora, na jina alilipata siku alipolisimamisha lori langoni kwa sababu dirisha lilikuwa limesogea milimita tatu.

Masanduku ya safari hii, mia tatu na kumi na mawili, yalikuwa ya watu wa mtaa mmoja uliovunjwa. Mama yake Milimita alikuwa mmoja wao. Baada ya matingatinga kupita, waliambiwa watagawanywa kwenye viwanja vinne, kila kimoja pembe yake ya jiji, na kompyuta ikapiga kura. Mama ikamtupa kaskazini. Jirani yake wa miaka thelathini, Mama Redio, ikamtupa kusini, safari ya mabasi matatu. Wanawake hao wawili walikuwa wamegombana kila asubuhi ya Mungu kupitia ukuta wa mabati kuhusu sauti ya redio, na tangu kura itoke mama hakuwa na raha. Alikuwa akikaa kwa Milimita akisubiri nyumba, na hata walipokwenda sokoni, katikati ya wauza samaki, alisema, "Kumekuwa kimya mno."

Basi asubuhi ile Mhandisi akaja mezani kwa Milimita na kalamu nyekundu.

"Chumba cha nyuma kiondoke," akasema. "Kikiwepo, lori moja linabeba nyumba moja. Kikiondoka, linabeba mbili."

"Na bibi wa watu atalala wapi?"

"Atalala. Watu hulala."

Milimita akakifuta chumba cha nyuma. Alifuta kuta zake tatu, dirisha na swichi. Kisha, kwa hasira iliyochanganyika na utundu, akachora mlango kwenye ukuta uliobaki. Mchoraji wa kweli hawezi kuacha mlango bila namba, kwa hiyo akauita M4 na kuuandika kwenye jedwali la milango: kijani, bawaba kulia. Nyuma ya mlango akachora chumba alichokitaka yeye, mita nne kwa mita tano, chenye dirisha pana. Nje ya dirisha akaweka mti wa ramani, ule wa duara lenye mistari kama mti unaotazamwa na ndege. Akaweka na mtu wa kipimo, yule mwanamume asiye na sura ambaye wachoraji humsimamisha kando ya nyumba ili urefu wake uonekane. Juu kabisa akatia mshale wa kaskazini. Akacheka peke yake, akasema atafuta vyote akirudi, akaenda kunywa chai.

Printa ikaamka.

Karani wa mihuri akazigonga mihuri nakala zote sita bila kuzitazama, maana kazi yake ilikuwa kugonga. Milimita alipogundua, michoro ilikuwa kiwandani. Akampigia fundi mkuu.

"Mlango wa nyuma umeuona?"

"Nimeuona. Milango mia tatu na kumi na miwili, kijani, bawaba kulia. Tumeshaanza kuipaka rangi."

"Unafungukia wapi?"

"Dada yangu, hilo si langu. Mimi, ukiwa umo kwenye mchoro, naufunga."

Ilibaki Milimita aseme, "Sitisha." Neno lilifika mpaka kwenye ulimi. Akamkumbuka mama yake sokoni, akasema, "Haya, kazi njema," akakata simu.

Wiki tano baadaye mama akahamia sandukuni kwake, kaskazini. Lilikuwa na chumba kimoja, sebule ya kugeuzia kiti na jiko la kusimama mtu mmoja aliyebana pumzi. Ukilizunguka kwa nje, ukuta wa nyuma ulikuwa bapa, mweupe, hauna mlango wala alama ya mlango. Ndani, M4 ulikuwepo. Mama alipanga vyombo, akapiga deki, akaona maji ya deki yanatambaa chini ya mlango wa kijani. Akaufungua ayafuate. Kisha akamwita bintiye kwenye simu.

"Mwanangu, hiki chumba chako cha nyuma ni kizuri, lakini kina watu."

"Watu gani, mama?"

"Watu wetu. Kinyozi yumo. Mwalimu wa hesabu yumo, kajifunga taulo, anasema alidhani ni bafu. Subiri kwanza." Kukawa na kelele, halafu sauti ya redio, halafu mama akapaza sauti kwa nguvu ambazo Milimita hakuwa amezisikia tangu matingatinga: "Wewe! Punguza hilo dude! Mwenzako naongea na mtoto!"

Milimita akaelewa mara moja, kwa kuwa kosa lilikuwa la kazi yake. Mlango aliuingiza kwenye jedwali, mara mia tatu na kumi na mbili. Chumba hakukiingiza popote. Alikichora mara moja tu, kwa hiyo kilikuwa kimoja. Kila nyumba katika viwanja vyote vinne ilikuwa na M4 wake, na kila M4 ulifungukia mle mle.

Jumamosi akaenda kukiona. Ukuta mmoja ulikuwa na mlango mmoja wa kijani, na watu waliingia kupitia huo wakitoka kila pembe ya jiji. Chumba kilikuwa cha mita nne kwa tano, kama alivyokichora, na walikuwemo watu mia sita, kila mmoja na mahali pa kukunja miguu. Nje ya dirisha ulisimama mti wa duara, ukionyesha utosi wake kwa kila aliyeutazama. Mtu wa kipimo alipita kila baada ya dakika nne, mguu mmoja mbele, na watu wakamsalimu. Hakuitikia hata siku moja, nao wakakubaliana kwamba ni mtu wa haya. Mshale wa kaskazini ulining'inia angani, na mwalimu wa hesabu akautumia kutundikia shati.

Ziliwekwa taratibu. Ukitoka, shika kitasa ukifikiria nyumba yako, la sivyo utatokea kwa mwenzako. Kinyozi alimfikiria mchumba wa zamani, akatokea jikoni kwake mbele ya mume, naye kwa akili ya haraka akauliza nani ananyolewa. Mume akanyolewa. Paka mmoja, asiye na taratibu, alikula katika nyumba mia tatu na kumi na mbili, akawa mkubwa kama mto wa kitanda. Mwizi aliingia kupitia nyumba ya kiwanja cha mashariki, lakini kwa kuwa mtu haingii pahala bila salamu, alisalimia, akaulizwa habari za nyumbani, akajibu, akauliza za kwao, na alipomfikia mtu wa mia sita alikuwa ameshapewa chai na kazi ya kushika mlango. Ilifungwa harusi pia. Bibi harusi aliingia akitokea magharibi, bwana harusi akitokea kusini, na mpiga picha alilazimika kupanda mabegani kwa fundi mkuu, aliyekuja kuona mlango wake unafunguka wapi.

"Kumbe huku," alisema fundi mkuu, akaridhika.

Mama na Mama Redio walikaa chini ya dirisha, bega kwa bega, wakigombana kwa furaha kuanzia saa moja asubuhi hadi jioni. Mama alinenepa kidogo. Milimita alipowatazama kicheko kilimpanda chenyewe, kama soda iliyotikiswa, akalazimika kutazama pembeni.

Mwezi wa tatu tangu watu wahamie, Mkurugenzi na Mhandisi walikuja na futi ya chuma. Mhandisi alipima, akapata mita nne kwa tano, akahesabu watu, akapima tena.

"Hili ni kosa," akasema. "Chumba hiki hakimo kwenye kibali."

"Kina muhuri," akasema Milimita.

Kilikuwa na muhuri. Hata hivyo Mhandisi alirudi ofisini, akakaa mbele ya kompyuta ya Milimita na kufungua mchoro. Kwa majaribio alifuta dirisha. Simu ya Milimita ikaita papo hapo, na kabla hajaiweka sikioni ukasikika mguno wa watu mia sita, "Aaaah!", kama umeme umekatika. Mhandisi akarudisha dirisha. "Eeeee!" ikasema simu, na makofi juu.

"Kwa hiyo nikifuta chumba," akauliza Mhandisi taratibu, "wao wanakwenda wapi?"

"Sijui," akasema Milimita. "Mama yangu yumo. Na dada yako yumo, alialikwa kusukwa."

Mhandisi akaondoa kidole kwenye kitufe, akakiweka mapajani, akakishika kwa mkono mwingine.

Mkurugenzi alikuwa amesimama nyuma yao muda wote huo akitafuna mfuniko wa kalamu. Hakuwa mtu wa kushangaa, wala wa kukasirika. Alikuwa mtu wa malori.

"Chumba kibaki," akasema. "Kinafanya kazi nzuri sana. Wanapika wapi siku hizi?"

"Mlemle," akasema Milimita. "Wanachangia moto."

"Wanapokea wageni wapi?"

"Mlemle."

"Basi sebule haina kazi. Wala jiko. Kwenye awamu ya pili viondoke. Vibaki kitanda na mlango." Alichora sanduku hewani kwa kalamu, dogo, kisha akalichora dogo zaidi. "Lori moja litabeba nyumba tano."

"Mkurugenzi, hawa watu walitenganishwa," akasema Milimita. "Kiwanja chao cha zamani kimezungushiwa mabati, hakuna kilichojengwa. Wangeweza kurudishwa pamoja, kwenye nyumba zenye vyumba. Michoro ninayo."

Mkurugenzi alimtazama kwa upole, kama mtu anayeeleza jambo dogo.

"Si wameshakutana?" akasema, akaenda kupiga simu za malori.

Milimita alikaa na ule mchoro siku mbili. Angeweza kukataa, na kijana wa meza ya jirani angeuchora kabla ya chakula cha mchana, bila M4, kwa kuwa hakujua mlango huo unafungukia wapi. Siku ya tatu akauchora mwenyewe. Kitanda, ukuta, ukuta, ukuta, ukuta. Aliupima mlango mara nne. Alipotaka kukipanua chumba chenyewe, kukifanya cha mita kumi kwa kumi, kompyuta ilikataa, maana karatasi yenye muhuri haibadilishwi vipimo. Akaenda kwa karani wa mihuri akamwomba aufute muhuri, na karani akamwambia kwamba yeye hugonga tu.

Awamu ya pili ilikuwa ya watu wa mitaa mingine miwili. Malori yalifika asubuhi, nyumba tano tano, na kufikia saa kumi masanduku mia tisa yalikuwa yamefungwa bolti. Wenyewe walifungua milango ya mbele, wakakuta kitanda, wakatazamana, wakafungua mlango wa kijani.

Mle ndani mama alikuwa akimenya viazi na Mama Redio akimwambia anamenya vibaya. Milimita alikuwa ameketi kati yao na kisu cha pili. Mlango ukafunguka, akaingia mzee aliyebeba godoro kichwani, na nyuma yake mwanamke mwenye mapacha, na nyuma yake watu wengine, na wengine, wakiwa na sufuria, cherehani, kuku mmoja na picha za marehemu wao mikononi. Walisimama kizingitini, wageni kwa wageni, wakitafuta pa kutazama. Nje, mtu wa kipimo alipita. Mzee wa godoro akamsalimu.

"Hajibu huyo," Mama Redio akamwambia. "Karibuni. Mmetoka mtaa gani?"

"Haupo tena," akasema mzee.

"Aa. Wetu pia." Akapunguza redio, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na mama akamtazama kwa mshangao mkubwa.

Kisha mama akaweka bakuli la viazi mapajani, akakunja miguu, akampiga bintiye kiwiko.

"Sogea basi," akasema. "Watu wanaingia."

Milimita akasogea, na aliyekuwa kando yake akasogea, na wa kando ya huyo, mpaka ukutani.