Ng'ambo ya Barabara

Brashi ilikuwa imechakaa. Kila Tersilla alipoipitisha ukutani, nyuzi zake zilibaki zimegandamana na chokaa. Herufi nyekundu alizoziandika marehemu mumewe juu ya mlango wa ghala la mvinyo, MVINYO WA SAN GRATO, zilizama. Chokaa ilipokauka zikarudi.

"Piga chokaa mkono wa tatu, mama," alisema mkaguzi kutoka serikalini. Alikuwa amekalia kiti ambacho Tersilla mwenyewe alimletea. Hakuwa mtu mkali. Alikwisha kunywa bilauri moja ya mvinyo wake na kuusifia.

Alikuwa amemweleza kwa upole. Sheria mpya imeupanga mvinyo kwa madaraja. Wa daraja la juu hubeba jina la mahali ulikotoka. Wa chini huitwa mvinyo wa mezani, basi, hauna kijiji wala mwaka. Mpaka wa eneo la San Grato umepita katikati ya barabara, na mizabibu ya Tersilla, iliyopandwa na babu wa mumewe, imeangukia upande usioruhusiwa kutumia jina hilo.

"Ng'ambo kule mwaka juzi kulikuwa na mahindi," Tersilla alisema.

"Sasa kuna mizabibu."

"Ya Kavaliere Odasso, mwenye nishani ya serikali."

"Sheria haitazami mtu, mama."

"Mbona mahindi yake iliyaona?"

Mkaguzi akanyoosha kidole ukutani. "Hapo juu pamebaki herufi," akasema.

Mwenye hoteli wa mji wa Torino, mteja wake tangu vita viishe, alikuwa ametuma salamu kwamba siku hizi watu huuliza jina kwanza, ladha baadaye. Mapipa ya mwaka jana yalikuwa bado yamejaa. Zabibu mpya zilikuwa zimeanza kupasuka mizabibuni, nyigu wamezivamia, na upande wa milimani lilikuwa likijikusanya wingu la mvua ya mawe.

Jioni akaja Ubaldo, msimamizi wa mashamba ya Kavaliere, aliyelelewa kwa polenta, ugali wa jikoni kwa Tersilla. Alisimama mlangoni bila kuvua kofia. Alisema mizabibu ya bwana wake ni michanga, haijazaa vya kutosha, na ghala lao lina nafasi; wangezinunua zabibu zake. Bei aliyoitaja ilikuwa ya zabibu za mvinyo wa mezani.

"Zikifika kwenu zitaitwaje?"

"Shangazi, zikishavuka barabara, zimevuka."

"Na mimi?"

"Wewe utabaki hapa, kama siku zote."

Tersilla alilitazama wingu. Kisha akaenda kutafuta mkasi wa kukatia zabibu.

Asubuhi aliusukuma mkokoteni hadi ukingoni mwa barabara, makasha yamepandana. Malori yalipita mfululizo, hakuna dereva aliyepunguza mwendo. Ng'ambo, getini kwa Kavaliere, mkaguzi alikuwa akinywa kahawa. Alipomwona amekwama, aliweka kikombe chini, akaingia barabarani na kuinua mkono. Lori likasimama.

"Pita, mama," akasema. "Taratibu, usije ukazimwaga."

Tersilla akasukuma. Nyuma yake, juu ya mlango wa ghala, chokaa ilikuwa imekauka, na wekundu umeanza kuchungulia.