Mgeni wa Wiki Nzima Bunda

Mwanangu Brenda alipotaka kunionyesha picha ya mchumba wake kwenye simu, niligeuza uso na kumwambia aifunge haraka. Jina lake pia sikutaka kulisikia. Kwetu mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni, hawapeani mikono, hawatajani majina, na kula pamoja ndiyo usiseme. Mwanangu ana miaka thelathini na sita, anaishi Lusaka, Zambia, anafundisha chuo cha wauguzi, na uchumba wake wa kwanza ulivunjika hapa hapa Musoma kwa maneno ya wakwe. Safari hii nilijiapiza: jambo likiharibika, lisiharibikie mikononi mwangu.

"Mama, umezidi sasa," alisema Brenda. "Hata jina?"

"Hata jina. Mwambie Jumamosi afike Butiama kwa baba yako mkubwa. Mengine atuachie sisi."

Mtu wa Lusaka mwenye kazi ya kuchora majengo, mimi moyoni nilimwona akishuka kwenye ndege Mwanza na miwani yake.

Alhamisi nilitoka nyumbani Mwisenge nikaenda Bunda, mtaa wa Nyasura, kuchukua magauni ya shughuli kwa fundi wangu. Fundi akaniambia bado vifungo. Mafundi! Nikawaka, na nilipomaliza kuwaka nikasikia njaa, nikavuka barabara kwenda kwa Ghati, mama lishe ninayemwamini kwa samaki.

"Dada Anastazia, amebaki ningu mmoja tu," alisema Ghati, "na huyu kaka ameshamwagiza. Gawaneni."

Kwenye benchi alikaa mwanamume wa makamo, kofia ya kufuma kichwani, miguuni kandambili zilizoshonwa kwa uzi. Alisogea, akanitengea nafasi kabla sijajibu. Ghati akaweka sahani moja katikati yetu, ugali pembeni. Ningu ni samaki mtamu, ila ana miba mingi kama amelaaniwa, na yule mtu alikuwa anamla kwa namna ambayo angekufa mbele ya macho yangu. Nikamnyang'anya kile kipande, nikamtolea miba kwa vidole vyangu.

"Unatoka wapi wewe, usiyejua samaki?"

"Safari hii natokea Tabora, mama."

Kiswahili chake kilikuwa cha kupindapinda. Nikamweka upande wa Kigoma, labda Kongo, nikafunga mjadala.

"Umefika leo?"

"Hapana. Hapa Bunda nina wiki nzima."

"Wiki nzima Bunda! Una kesi?"

Ghati alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Yule mtu naye alicheka. "Sina kesi, mama. Nakaa tu."

Alinieleza anavyokaa. Asubuhi hunywa chai ya maziwa kwenye benchi hili hili, kisha huenda stendi kwa muuza miwa, ambaye humfundisha salamu moja ya kienyeji kila siku na kumsuta akiisahau. Jana yake alikwenda kunyoa, mvua ikamfungia kwa kinyozi, wakacheza drafti mpaka ikakatika. Tabora alikaa zaidi, kwa sababu mama mwenye nyumba alikuwa na asali na hadithi nyingi. Alisema akikimbia huwa anafika kweli, ila hajui amepita wapi.

Mimi Bunda nimeipita miaka yote nikiijua kama mahali pa kucheleweshwa. Siku ile nilikaa pale na mikono yenye mchuzi, nikawatazama wanawake wakigeuza mihogo juu ya turubai upande wa pili wa barabara, na sikuangalia saa. Nilifurahi, nisiseme uongo.

"Mama," akasema, "mtu akienda ukweni huku kwenu, afanye nini asikosee?"

Nikiulizwa jambo ninalolijua, masikio yangu huziba. Sikumuuliza anaulizia nini.

"Mama mkwe ukimwona njiani, unazunguka," nilimwambia. "Mkono usimpe. Macho usimkazie. Na kula naye, wee! Huku hatukulagi na mkwe hata siku moja." Hapo nilikuwa namwekea kipande cha tumboni, chenye mafuta.

"Hata kama ana njaa?"

"Afe nayo!"

Tulicheka mpaka nikapaliwa. Fundi alipoita kwamba vifungo tayari, yule mgeni alinibebea mzigo hadi stendi, akasubiri gari langu liondoke ndipo akageuka.

Jumamosi tulikuwa Butiama, kitongoji cha Mwitongo, kwa Mzee Magige, kaka wa marehemu mume wangu. Mimi nilikaa jikoni na mkewe, Boke, kitenge kimenifunika mpaka kwenye paji la uso kama inavyotakiwa. Gari likasimama nje. Brenda akashuka, rafiki wa bwana harusi akashuka, halafu ikashuka kofia ya kufuma.

Nilisimama mlangoni kabla sijajizuia. Akaniona. Macho yakamtoka, akafungua mdomo, kisha akainamisha kichwa na kuzunguka nyuma ya ghala lote, njia ndefu, sawasawa na nilivyomfundisha.

Nikarudi ndani, nikajibanza nyuma ya mlango.

"Una nini?" Boke aliuliza.

"Nimekula na mkwe. Sahani moja. Miba nimemtolea mimi."

Boke alijishika mdomo. Kisha akaninong'oneza, "Nyamaza. Nani aliwaona?"

Kunyamaza nilikutamani, Mungu ananijua. Lakini Ghati hana kifuniko mdomoni, na siku neno likitoka watasema ndoa ilianza na mwiko uliovunjwa na mama mzazi. Mtoto akichelewa, watanitazama mimi. Mtoto akiugua, watanitazama mimi. Mwanangu angeachika kwa ajili ya samaki. Nikamwambia Boke aniitie mumewe.

Mzee Magige alikuja, akakaa kwenye kigoda, akasikiliza yote bila kunikatiza.

"Ng'ombe wa mahari wako wapi?" aliuliza.

"Shemeji, nakueleza msiba wewe unauliza ng'ombe?"

"Nakuuliza."

"Sijui. Si wewe ndiye unayejua?"

"Wako Kiabakari. Wanakuja kwa miguu, wataingia jioni. Sasa niambie, zizi likiwa tupu, yule ni mkwe wa nani?"

"Wangu."

"Wa ng'ombe gani? Anastazia, wewe ulijifunga kamba mapema. Huko Bunda ulikula na mpita njia, na mpita njia tunamlishaga, hatumkimbii. Ng'ombe wangekuwa wameshaingia zizini, leo tungekuwa tunatafuta kondoo wa kutakasa. Hawajaingia. Kosa hakuna."

Nilikaa juu ya kuni, nikalia na kucheka kwa pamoja. Hata harufu ya moshi nikaiona nzuri. Boke alinipa maji, nikanywa kikombe kizima kwa mkupuo mmoja.

"Ila jioni wakishaingia," Mzee Magige akaongeza huku akiinuka, "ndiyo basi. Utamwona kwa mbali mpaka mzeeke wote."

Alisema kwa wema, kama mtu anayenihakikishia kwamba mambo yatanyooka. Mimi nikabaki nimeshika kikombe. Yule ndiye mtu atakayezeeka na mwanangu kule mbali. Brenda kwenye simu huniambia nipo salama mama, nitakupigia, akakata, na mimi hubaki sijui hata jikoni kwake kukoje. Anayejua yote hayo alikuwa amesimama nyuma ya ghala, juani, kwa kuniogopa.

"Shemeji," niliita. "Wachungaji wana simu?"

"Wanayo. Kwani?"

"Wapigie. Waambie hao ng'ombe wasiwachape. Wawaache wale majani njiani. Wakiona maji wanywe, wakitaka kulala kidogo walale."

Mzee Magige alinitazama, akaanza kutikisika mabega kabla kicheko hakijatoka. Akaingiza mkono mfukoni kutafuta simu.

Nilivua kitenge kichwani, nikachukua chupa ya chai na vikombe viwili, nikatoka mbele ya watu wote. Brenda alinyoosha mkono kunizuia. Nikampita. Nyuma ya ghala yule mtu aliponiona aliinamisha macho, akatafuta pa kuzungukia tena.

"Kaa chini," nilimwambia. "Ng'ombe bado wako mbali."

Akakaa. Nikamimina chai, nikampa kikombe, nikaketi karibu naye kwenye gogo.

"Haya. Niambie mwanangu anaishije huko. Akiamka anakula nini, anacheka na nani. Anzia mwanzo, na usiruke kitu."