Mwiba wa Bahari Iliyoondoka

Mume wangu Diriye alikuwa mwalimu. Kabla barabara hazijafungwa na vita vya waasi walioitwa shifta, aliwahi kuzunguka majabali ya Mandera na kurudi na debe la vipande vya mawe. Eti ni nungu wa bahari, viumbe wa mviringo wenye miiba, waliogeuka mawe tangu bahari ilipokuwa huku kwetu. Bahari, huku ambako mbuzi wanapigania kivuli. Mzima hakuwamo hata mmoja. Kulikuwa na vipande vya gamba vyenye vinundu, na miiba minene iliyochongoka. Kazi yake ilikuwa kujua mwiba upi ni wa gamba lipi, ndipo aweze kusema ni wa aina gani.

Mwaka ule wa 1965 shule yake Garissa ilifungwa, akavimwaga vyote kwenye ungo wangu wa kupepetea mtama. Nilinuna. Lakini joto la mchana likinilemea, nililala kando ya ungo ule na kuota maji yakipita taratibu juu ya mji, ngamia wakielea wameinua shingo, nami sizami. Nikiamka, midomo ina chumvi. Sikumwambia Diriye, angejiona.

Adhuhuri moja askari wakaja kupekua nyumba, wakitafuta silaha. Ofisa wao akanyoosha kidole kwenye ungo, akauliza ni nini kile. Mimi niliona kalamu iliyolala humo, ambayo Diriye aliwekea alama vipande vyake. Sokoni kwetu kalamu ya risasi tunaiita risasi tu. Nani ana muda wa maneno matatu?

"Hii risasi ya mwalimu," nikamjibu.

Kumbe alikuwa ameonyesha ile miiba. Wakamchukua Diriye, na ungo wangu pia. Siku zile si wote waliochukuliwa waliorudi. Nikawafuata hadi kituoni, njia nzima nikieleza kwamba risasi yangu ni kalamu na ile miiba ni ya mnyama.

Ofisa hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyechoka. Alimwambia Diriye kwamba kama kweli ni mnyama, basi amuunganishe. Mwiba ukikaa kwenye gamba lake, ataamini. Chini ya kila mwiba pana kishimo, na kinundu cha gamba huingia humo. Diriye akachukua mwiba na kipande kilichokuwa jirani, akavikutanisha. Kwa macho yangu viliingiana. Nikasema alhamdulillahi kimoyomoyo.

Diriye akauzungusha ule mwiba, akautazama, akautoa.

"Sio yake," akasema. "Hii ya mnyama ingine."

Nilitamani kumpiga. Ofisa akamuuliza kama anajua anakokwenda asipoaminiwa. Diriye akajibu kwamba anajua.

Nikapiga magoti, nikauvuta ungo. Sauti za kituo zikafifia, na yale maji ya ndoto yangu yakateremka juu yetu, ya baridi, na vidole vyangu vikatembea ndani yake bila haraka. Nikajaribu kipande baada ya kipande. Kimoja kidogo, cheupe, kikaupokea ule mwiba, ukasimama wenyewe. Ofisa akainama, akaugusa kwa kidole, ukazunguka bila kutoka mahali pake.

"Na huyu ni wa aina gani?" akauliza.

"Bado sijui, afande," Diriye akasema.

Ofisa akacheka, akatuambia twende zetu. Nikalia mbele ya watu wote, kwa furaha na kwa hofu, maana nilikuwa nimejua sasa kwamba nimeolewa na mtu asiyeweza kudanganya hata kuokoa roho yake.