Shamrashamra Tatu na Mkwe Mmoja

Mjini kulikuwa na bendi tatu zinazoitwa Shamrashamra, na kila moja ilidai kuwa ndiyo ya kwanza. Wenyewe walipochoka kutukanana, walikubaliana kila bendi iongeze mkia: Shamrashamra Jazi, wenye matarumbeta, Shamrashamra Asilia, wazee wa ngoma na zeze, na Shamrashamra Nyuzi, watu wachache wa magitaa na fidla ambao hawakuwahi kurekodi hata kikohozi. Mikia hiyo hakuna aliyejisumbua kuitamka. Mtu akisema Shamrashamra, alimaanisha Jazi, kwa sababu ndio waliokuwa redioni.

Fundi makochi alipiga fidla katika Nyuzi. Siku alipokwenda kuposa, akaulizwa anafanya nini zaidi ya makochi, akajibu kwamba yumo Shamrashamra. Mama wa binti akainua uso. "Wale wa redioni?" Hapo fundi angeweza kusema hapana. Neno lenyewe fupi, halina gharama. Lakini mposaji ni mposaji. Alitazama vidole vyake vyenye gundi, akatabasamu kama mtu asiyependa kujisifu. Akapewa mke.

Hakusema uongo, alijiambia. Alinyamaza tu. Ubaya wa kimya cha namna hiyo ni kwamba kinataka kulishwa. Kila mara wimbo ule mkubwa wa Jazi ulipopigwa redioni, mama mkwe alinyamazisha nyumba nzima, akasikiliza mpaka mwisho huku amekunja mikono, kisha akamwambia mkwewe, "Mmejitahidi." Siku moja akamuuliza yeye ni sauti ipi. Fundi akanyoosha kidole kwenye redio. "Hiyo hapo, mama. Hiyo ya chini chini." Mkewe, aliyejua kila kitu, akakimbilia jikoni kwenda kucheka.

Basi mama mkwe akastaafu. Alikuwa msimamizi wa ufuaji hospitalini, mwanamke aliyekunja mashuka ya wagonjwa wa mji mzima, na wenzake wakamwandalia sherehe ya kumuaga. Akaja kwa fundi, akakaa kwenye kochi lililokuwa bado na mkono mmoja, akasema zawadi hazitaki.

"Nataka bendi yako, mwanangu. Mnipigie wimbo ule."

"Ule, mama?"

"Kwani mna mwingine?"

Maji yakamfika shingoni. Kukataa ni kumvunjia mama mkwe heshima. Kukubali ni kujivua nguo mbele ya ukoo. Mkewe alimshauri aseme kweli, naye akaona ni ushauri mzuri sana kwa mtu mwingine. Akawaita wenzake karakanani, wakaanza kufundishana wimbo wa Jazi kwa nyuzi. Pale penye tarumbeta, fidla ilitoa sauti ya mlango wa choo. Mpiga gitaa, ambaye kazi yake ni kinyozi, akaweka gitaa chini.

"Kaka, tuupunguze mwendo. Tuupunguze mpaka makosa yaonekane tumeyakusudia."

Wakaupunguza.

Siku ya sherehe walikuwa kwenye chumba cha kupigia pasi, meza zimesukumwa ukutani. Wakaupiga hivyo hivyo, polepole, kinyozi akiimba kama anayezungumza na mteja. Fundi alifumba macho akisubiri kicheko. Hakikuja. Alipoyafumbua, mama mkwe alikuwa amesimama mbele yake, machozi yanamlengalenga.

"Kumbe wimbo wenyewe una maneno," alisema.

Hasira angeistahimili; machozi yale yalimshinda. Akamwomba wasogee nyuma ya rundo la mashuka, akatapika yote: bendi ni tatu, yake ni ile isiyojulikana, na ile sauti ya chini chini hajui hata ni ya chombo gani.

Mama mkwe akakaa juu ya kapu la nguo chafu.

"Kwa hiyo zile kelele si zako."

"Si zangu, mama. Nisamehe."

"Mimi ule wimbo siupendi. Tangu siku ya kwanza unaniumiza kichwa." Akajifuta uso kwa pembe ya shuka. "Dada yangu alisema mbele za watu kwamba mkwe wangu anapiga mabati. Nikamwambia asikanyage tena kwangu. Hajakanyaga mpaka leo. Na moyoni nilijua amesema kweli."

Ukoo mzima ulijua dada hao wawili hawasemezani, ila sababu hakuna aliyeijua. Fundi mwenyewe alikuwa akiwasikitikia. Sasa alijisikia aibu kubwa kuliko ile aliyoikimbia miaka yote.

"Nitakwenda kwake, mama. Leo hii. Nitamwambia kosa ni langu."

"Beba fidla," akasema mama mkwe, akiinuka.

Wakaiacha sherehe na watu wake. Njiani fundi alijipangia maneno ya toba, akayapangua, akayapanga upya. Walipofika mlangoni kwa dada, mama mkwe akajifunga vizuri kitambaa cha kichwa, akamgeukia.

"Sikiliza, mwanangu. Usithubutu kumwambia wa redioni si wewe. Nimemkosa dada yangu miaka yote hii kwa ajili yako, siwezi kumwambia ilikuwa bure. Mwambie maneno yake yalikufikia, ukajirekebisha."

Kisha akapiga hodi.