Kuni za Msiba wa Mama Kilian

Emerensiana alishuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba yake mwenyewe, akakuta msiba.

Turubai la kanisa, lile la bluu lenye kiraka kwenye kona, lilikuwa limefungwa kutoka kwenye mpera mpaka nguzo ya jiko. Chini yake wanawake wamekaa kwenye mikeka, vitenge wamevikaza kiunoni, na Edina wa dukani alikuwa ameshaanza kupeta maharage. Na kuni zilikuwepo. Zilikuwa zimepangwa barazani zisilowe, zimefika dirishani: miombo iliyopasuliwa vizuri, mikavu, yenye weusi wa moshi upande mmoja, kwa sababu ilitoka kwenye dari za majiko ya watu. Kila nyumba pale Lundo ina kuni zake za darini. Haziguswi kwa uji wala kwa maji ya kuoga. Zinawekwa kwa ajili ya msiba tu, maana watu wanakufa hata masika, na kuni za porini masika hazitoi moto, zinatoa machozi.

Mwenye bodaboda aliangalia turubai, akamwangalia abiria wake, akageuza pikipiki na kuondoka bila kuaga.

"Nani amekufa?" Emerensiana aliuliza.

Maharage yaliacha kulia kwenye ungo. Kutoka nyuma ya nyumba akatokea Winifrida, jirani yake na rafiki yake tangu walipokuwa wasichana, na mzigo wa kuni kichwani. Alimwona, akasimama, mzigo ukaegemea upande mmoja.

"Mama Kilian," alisema taratibu, "wewe si umekufa?"

"Nani amekwambia?"

"Wilfred."

Wilfred katekista alikuwa amekaa mbele kabisa, rozari mkononi. "Mimi sikusema amekufa," alisema. "Nilisema amepakwa."

Hapo Emerensiana akaelewa yote, akaweka mkoba wake chini.

Miaka miwili hii alikuwa anaumwa figo. Kila Jumanne na Ijumaa alikuwa Songea, amelala kitandani, damu yake inatolewa kwa mrija, inasafishwa kwenye mashine na kurudishwa mwilini. Lundo walijua anakwenda kuuza usipa. Na kweli aliuza, maana hakusafiri bila magunia. Yeye ndiye aliyekuwa mnunuzi mkubwa wa usipa, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa ufukwe ule mzima. Matanuri ya kubanikia yalikuwa yake, chanja za kuanikia zake, na wanawake waliofanya kazi pale walisomesha watoto kwa kazi ile. Akavaa magauni ya mikono mirefu hata kwenye joto la Novemba. Akaacha kunywa togwa kwenye nyumba za watu, kwa sababu daktari alimpimia maji ya kunywa. Watu wakasema Mama Kilian siku hizi anaringa. Akawaacha waseme.

Ijumaa hii iliyopita ilikuwa ya mwezi wa pili, wakati kanisani wanapowaombea wagonjwa. Kabla ya kwenda hospitali alipita kanisani Songea, akasimama kwenye mstari wa wagonjwa, padri akampaka mafuta kwenye paji la uso na viganjani. Hakujua kwamba nyuma ya nguzo yupo Wilfred, aliyepanda huko kwa semina ya makatekista. Na kwa wazee wa Lundo, hata padri ahubiri mpaka koo likauke, mafuta yale ni ya mtu anayekata roho. Wilfred alirudi Ijumaa hiyohiyo jioni, akamnong'oneza mkewe tu. Jumamosi basi la Emerensiana likaharibika pale Kitai, akalala nyumba ya wageni, simu ikazima. Na asubuhi hii ya Jumapili, Misa ilipotoka, turubai likatolewa stoo.

"Nimepakwa, ndiyo," Emerensiana alisema. "Wagonjwa hupakwa. Mimi ni mgonjwa wa figo, miaka miwili sasa damu yangu inasafishwa kwa mashine Songea, mrija mkononi. Haya, sasa mnajua."

Wanawake walitazamana. Mmoja akafungua kitenge kiunoni, akakifunga tena, kama asiyejua siku hii ni ya namna gani.

Wakati huo Damiano, aliyeyasikia maneno hayo, akapanda kutoka ufukweni, suruali imelowa mpaka magotini. Huyu ndiye mkubwa wa wenye mitumbwi. Nyuma yake walikuja wavuvi na Bartholomayo, mfanyabiashara wa Mbinga mwenye lori la Fuso, amevaa koti jeusi.

"Shikamoo, mama," Damiano alisema, macho yake kwenye kuni.

"Marahaba. Usipa vipi?"

"Wamejaa. Hatujaona hivi tangu mwaka uanze. Wako kwenye mitumbwi, tumewafunika majani ya migomba."

"Na hilo Fuso ufukweni ni la nani? Bwana Bartholomayo amekuja kunizika na lori?"

Mtu mmoja alicheka, akajikohoza.

"Nimekuja kuhani, mama," Bartholomayo alisema. "Namshukuru Mungu nimekukuta mzima. Lakini pumzika sasa. Biashara ina presha zake. Usipa wa leo nitawachukua mimi, na wa kesho, usiwe na wasiwasi."

Emerensiana alijua maana ya maneno yale. Mtumbwi ukishazoea kushusha kwa mtu mwingine haurudi. Alishaliona hilo kwenye nyumba hiihii, kwa marehemu mumewe Bernadi. Usipa wa leo wakipanda lile lori, kesho matanuri yake yatakuwa mahali pa kuku kutagia.

"Damiano, umeshakubaliana naye?"

Damiano alikuna shingo. "Mama, watu wamechukia. Si kwa sababu unaumwa, kila mtu anaumwa. Ni kwa sababu hukusema. Tunakuletea jasho letu, kumbe mwenzetu ananing'inizwa kwenye mashine huko Songea. Tulikuwa na haki ya kujua."

"Ndiyo," wavuvi waliitikia nyuma yake.

"Ningesema, ungefanya nini?"

"Ningejua."

"Ungejua, halafu usipa wako ungempelekea nani?"

Macho ya Damiano yalikwenda kwenye Fuso na kurudi. Yalikwenda haraka, ila kila mtu aliyaona.

"Basi umeshanijibu," Emerensiana alisema.

Mzee Pankras, ambaye hakuna msiba wala harusi aliyowahi kukosa, akadakia kutoka kwenye kiti chake. "Ndiyo maana ile mikono mirefu. Sisi tukafikiri umeokoka."

Watu walicheka kidogo. Emerensiana hakucheka wala hakukasirika. Alifungua kifungo cha gauni, akakunja mkono wa kushoto taratibu, kunjo baada ya kunjo, mpaka juu ya kiwiko. Pale ndani palikuwa na mshipa mnene umevimba, umepinda kama mzizi, na plasta mbili juu yake. Baadhi ya wanawake waligeuza uso.

"Msiangalie pembeni. Mlitaka kujua. Damiano, weka kidole hapa."

"Mama, mimi..."

"Weka. Wewe unashika kambale aliye hai, utashindwa mkono wangu?"

Damiano aliweka kidole. Akakitoa haraka, akakirudisha. Mshipa ule ulikuwa unanguruma chini ya ngozi, mtetemo mdogo usiokatika.

"Unatetemeka kama injini ya boti," alisema, amesahau kuwa amechukia.

"Ndivyo wanavyoupima huko kwenye mashine. Ukinyamaza ndiyo kuna tatizo. Sasa waambie wenzako umesikia nini."

"Inawaka," Damiano aliwaambia.

Bartholomayo akatabasamu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mfanyabiashara. "Mama, hata iwake. Jua halijatoka wiki nzima, chanja zako ni za bure. Na kibanda chako cha kuni kiliezuliwa na upepo, kila mtu aliona kuni zinaogelea. Usipa hawasubiri. Ikifika mchana watakuwa chakula cha bata. Mimi nina barafu kwenye lori. Wewe utawabanika na nini?"

Hilo lilikuwa kweli tupu, na wavuvi walilijua. Damiano alianza kugeuka. Emerensiana alisimama pale, mkono wake wazi, magoti yanamuuma kwa safari, na kiu ile ya kila siku ambayo haikuruhusiwa kuisha iko kooni. Akaangalia matanuri yake kule chini, meusi na baridi. Kisha akaangalia baraza lake.

"Hizo kuni ni za nani?"

"Zako," Winifrida alisema. Bado alikuwa na mzigo kichwani.

"Zimeletwa kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yako, ndiyo. Lakini..."

"Basi zishushwe matanurini."

Hapo maneno yakaanza kila upande. Edina alisimama na ungo wake. "Mama Kilian, hizi ni kuni za msiba. Si za biashara."

"Msiba uko wapi?"

"Haupo, lakini..."

"Kama haupo, zichukueni mrudi nazo."

Edina alishtuka. "Kuni za msiba hazirudi nyumbani kwa mtu. Ukirudi nazo umerudi na msiba wenyewe."

Wanawake wote waliitikia, na wazee pia, na Wilfred katekista hakubisha ingawa ilimpasa kubisha.

"Sawa," Emerensiana alisema. "Hamwezi kurudi nazo. Kuzichoma hamtaki. Kwa hiyo mnataka zikae hapa barazani kwangu zinisubiri. Kila asubuhi nikifungua mlango tusalimiane. Hamjambo kuni, sijambo, bado siko tayari, kaeni kidogo. Ndivyo mnavyotaka?"

Mzee Pankras alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mmetoa kuni za darini mwenu kwa ajili yangu, na nawashukuru, maana najua zilivyo adimu masika hii. Sijawahi kupewa kitu kikubwa hivi. Lakini mmenipa mimi, na mimi nipo. Sitalala chini ili zipate kazi."

Wanawake wawili wakainuka, kisha wakamtazama Winifrida, kwa kuwa yeye ndiye aliyeanza kuleta. Winifrida alishusha mzigo wake, akaukalia katikati ya uwanja.

"Zangu hazichomwi," alisema.

"Winifrida."

"Hazichomwi. Kuku wako akiugua kideri, mimi nilikuwa najua. Kilian alipofeli mtihani wa kwanza, mimi ndiye uliyenililia. Hili, miaka miwili, nikalisikia kwa Wilfred. Jana nimelia mpaka sauti imekatika. Nimepanda darini mwenyewe, na goti hili, nikatoa hata zile za mama yangu. Na wewe kumbe uko hai, umelala zako."

Emerensiana alikwenda akasimama mbele yake. Hakuinama kubembeleza, ila alishusha sauti.

"Unamkumbuka Bernadi wangu alivyoumwa?"

"Namkumbuka."

"Yeye alisema. Siku ileile aliyotoka hospitali alikaa pale ufukweni akawaambia wote ugonjwa wake. Mwezi haukuisha, mitumbwi ikaanza kushusha kwingine. Watu wakija hapa wanakaa naye benchi moja, halafu wananiuliza mimi: mgonjwa anaendeleaje? Na yeye anasikia, mkono wake uko kwenye kikombe. Alikufa mwaka uliofuata, lakini hapa Lundo mlikuwa mmeshamzika. Mimi nikaapa sitazikwa nikiwa nimekaa kwenye benchi."

Winifrida akavuta gome la kuni kwa kucha.

"Na mimi niliuliza hivyo?"

"Wewe ulikuwa wa kwanza."

Kule chini ziwa lilipiga mchanga, na harufu ya usipa wabichi ilikuwa imeanza kupanda, ile harufu tamu inayowaambia wavuvi wafanye haraka.

Winifrida aliinuka. Akapindisha kitenge chake kuwa kata, akakiweka kichwani, akamwambia Edina, "Nitwike." Edina akamtwika. Akateremka kuelekea matanurini, goti lake likichechemea, bila kumwangalia mtu.

Wanawake wakamfuata. Ule mstari ulikuwa mrefu kuliko wa komunyo ya Pasaka. Damiano aliwaangalia mpaka mzigo wa tatu ulipopita mbele yake, kisha akamgeukia Bartholomayo.

"Kaka, samahani kwa safari yako."

"Na barafu yangu je?"

"Subiri mbasa, wale samaki wakubwa," Emerensiana alimwambia. "Wavuvi wa nyavu kubwa wanarudi saa nane. Mbasa sinunui, huwa wanahangaika nao. Na hilo koti vua, utapata joto bure."

Bartholomayo alicheka, safari hii kweli, akavua koti.

Moto ulikolea mara moja, maana kuni zile zilikuwa zimekaushwa kwa miaka ya kupika. Usipa walipanda kwa mabeseni, wakatandazwa kwenye wavu wa matanuri, wakaanza kubadilika kutoka rangi ya fedha kuwa rangi ya shaba. Emerensiana alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, mkono bado wazi, akipokea mtumbwi baada ya mtumbwi. Maharage ya msiba yalipikwa, unga wa msiba ukasongwa ugali, watu wakala. Yeye alikula kipande kidogo, akanywa maji mafunda mawili, na safari hii hakujificha.

"Sikilizeni," alisema wakati sahani zinakusanywa. "Jumanne na Ijumaa nipo Songea kwenye mashine. Siku hizo anayenunua ni Winifrida, na neno lake ni langu. Asiyetaka kumuuzia mgonjwa, barabara ya Mbamba Bay ile pale. Lakini anayebaki asinisalimie kwa sauti ya msibani. Nikisikia 'mgonjwa anaendeleaje', napunguza bei."

"Winifrida hajakubali," Winifrida alisema kutoka kwenye moshi.

"Amekubali."

Winifrida alichochea tanuri kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Jumanne tutakwenda wote kwanza. Nikaione hiyo mashine. Ndipo niseme kama nimekubali."

Emerensiana alijivutia beseni. "Basi linaondoka mapema."

"Najua basi linaondoka saa ngapi."

Mzee Pankras alikuwa ameangalia baraza, ambalo sasa lilibaki na magome tu na kuku wawili wanaoparura. Jambo hili lilimsumbua. "Mama Kilian," alisema, "nauliza tu. Dari zetu zote ni tupu. Ukifa kweli masika hii, tutakupikia nini?"

"Mtahangaika, mzee wangu," Emerensiana alisema, akanyoosha mkono kupokea beseni lingine. "Bora mniombee nifike kiangazi."